Umejuaje? Kupima Maneno Tunayoambiwa Kuhusu Afya ya Mtoto

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Chambua mboga, nyonyesha mtoto, kunja nguo, lakini nipe sikio lako.

Mara nyingi tukikutana hapa huzungumza juu ya ugonjwa mmoja: malaria, surua, nimonia au utapiamlo. Leo tutazungumza juu ya jambo linalotangulia magonjwa yote hayo. Mtu akikuambia, "Mfanyie mtoto hivi, atapona," utajuaje kama maneno yake ni ya kweli? Mama wa mtoto mchanga hupewa mashauri mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Mengine ni mazuri, mengine hayana faida wala madhara, na mengine yanaua. Tena yote huja kwa sauti ile ile ya upendo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuchukue mfano. Mtoto ana miezi saba. Tangu jana anahara maji, ametapika mara mbili, na mwili una joto. Jirani anaingia, anamfunua mtoto mdomo, anasema, "Hiki si kuhara cha kawaida. Ni meno ya plastiki. Yuko mzee anayeyatoa." Mama mkwe anasema, "Usimpe maji, unamwongezea kuhara. Acha tumbo likauke kwanza." Muuza dawa anasema, "Nina dawa ya kufunga tumbo, leo leo atanyamaza." Kwenye simu kumeingia ujumbe wa majani fulani ya kuchemsha, na mwisho wake umeandikwa, "Watumie akina mama wengine kumi." Na muuguzi wa zahanati anasema, "Mpe maji ya ORS na vidonge vya zinki, na uendelee kunyonyesha."

Hayo ni mashauri matano, na mtoto ni mmoja. Mama hawezi kuyafuata yote, kwa sababu mengine yanapingana. Basi achague vipi? Achague la mwenye umri mkubwa, la mwenye sauti kubwa, au la bei nafuu? Mimi napendekeza ayapitishe yote katika maswali manne. Ukiwa na kalamu, yaandike. Ukikosa kalamu, yahesabu kwa vidole.

SWALI LA KWANZA: UMEJUAJE?

Mtu akikupa shauri, muulize kwa adabu, "Umejuaje?" Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau mtu. Sikiliza vizuri atakavyojibu. Kuna anayesema, "Nimeona kwa macho yangu." Kuna anayesema, "Nimesikia." Kuna anayesema, "Kila mtu anajua." Majibu haya hayana uzito sawa.

Aliyeona, muulize aliona nini, kwa watoto wangapi, na waliendelea vipi baada ya wiki na baada ya mwezi. Aliyesikia, muulize alisikia kwa nani. Mara nyingi utakuta akina mama kumi wanasema jambo moja, lakini wote kumi walilisikia kwa mtu mmoja. Hapo huna mashahidi kumi. Una shahidi mmoja na mwangwi wa sauti yake. Tunasema wengi wape, na katika kuchagua mwenyekiti wa chama ni sawa. Lakini kuhara hakupigiwi kura. Ujumbe wa simu nao, hata ukisambazwa mara elfu, bado ni neno la yule mmoja aliyeuandika, na mara nyingi humjui.

Uliza pia, "Huyu anayeniambia anapata nini nikikubali?" Mtu kupata pesa hakumfanyi kuwa mwongo. Mimi mwenyewe hulipwa mshahara. Lakini anayeuza dawa ana sababu ya kutaka uinunue, kwa hiyo neno lake lihitaji ushahidi wa pembeni, kutoka kwa mtu asiyefaidika na mauzo.

SWALI LA PILI: JE, WASIOFANYIWA HIVYO?

Hili ndilo swali kubwa la leo, nami nitalikalia kidogo. Ukiambiwa, "Watoto waliofanyiwa hivi walipona," uliza, "Na wale ambao hawakufanyiwa, ilikuwaje?" Bila jibu la swali hili, hujajua kitu.

Turudi kwenye meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Imani hii iko katika sehemu kadhaa za Kenya, na pia Uganda, Tanzania, Ethiopia na Sudan. Mtoto akihara na kupata homa, hufunuliwa mdomo na kutazamwa ufizi pale penye meno ya chonge. Panaonekana pamevimba, peupe peupe. Husemwa kwamba hayo ni meno mabaya, na kwamba yasipong'olewa mtoto atakufa. Basi ufizi unachimbwa kwa kisu, kwa msumari au kwa spoku ya baiskeli, na kinatolewa kitu cheupe, laini. Mama akikiona anaamini, kwa sababu ameonyeshwa ushahidi.

Sasa tuulize swali letu. Chukua mtoto wa umri ule ule ambaye haumwi, mchangamfu, anayecheza. Mfunue mdomo. Utaona uvimbe ule ule, mahali pale pale. Ni chonge za utoto ambazo zinajiandaa kutoka. Kwa kawaida hutoka baada ya mwaka mmoja na kitu, lakini huanza kujengeka ndani ya ufizi mapema zaidi, na zikiwa changa huwa laini. Kila mtoto anazo, anayehara na asiyehara. Kama uvimbe huu ndio unaoleta kuhara, mbona wale wazima hawahari? Mama yeyote mwenye mwanga wa dirisha na mtoto wa jirani anaweza kulipima jambo hili bila daktari na bila mashine.

Lakini utaniuliza, "Muuguzi, mbona waliong'olewa wanapona?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba kuhara kwa maji, mara nyingi, huisha kwenyewe ndani ya siku saba, ikiwa mtoto hakukaukiwa na maji. Mama hampeleki mtoto kwa mng'oaji siku ya kwanza. Humpeleka siku ya tatu au ya nne, hali inapotisha. Siku ya tano au ya sita tumbo linatulia, kama ambavyo lingetulia hata bila kung'olewa, na sifa zote anapewa mng'oaji. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza, lakini si jogoo anayelivuta jua.

Tufanye hesabu ya kukadiria tu. Sema watoto ishirini wanahara, na kumi na tisa wangepona hata wasipofanyiwa lolote. Wote ishirini wakipelekwa kung'olewa, mama kumi na tisa watarudi kijijini wakisifu. Yule mmoja aliyefiwa hatasimama sokoni kutangaza. Na akisema, ataambiwa, "Ulichelewa kumleta." Basi sifa zinasikika na misiba inazikwa.

Halafu kuna jambo jingine. Kwa nini kuhara na meno huja wakati mmoja? Ni kwa sababu ya umri. Karibu na miezi sita mtoto anaanza kula vyakula vingine, na si vyote vilivyo safi. Anatambaa, anaokota kila kitu na kutia mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Umri huo huo ndio wa meno kuanza kutoka. Mambo mawili yanaweza kufuatana kama mapacha na bado moja lisiwe sababu ya lingine.

Swali hili la kulinganisha limeokoa watu wengi katika historia. Katika jiji la Vienna, nchini Austria, miaka ya 1840, kulikuwa na hospitali yenye wodi mbili za kujifungulia. Wodi ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Katika wodi ya madaktari, akina mama walikufa kwa homa ya uzazi mara nyingi zaidi. Wanawake walijua. Walikuwa wakiomba kwa machozi wasipelekwe wodi ya kwanza.

Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, akauliza tofauti ni ipi. Wengine walisema ni msongamano, lakini wodi ya wakunga ndiyo iliyosongamana zaidi. Wengine walisema ni hali ya hewa, lakini wodi zote mbili zilikuwa chini ya anga moja. Wengine walisema ni hofu ya kasisi aliyepita na kengele akienda kwa wanaokufa, basi kasisi akabadilishiwa njia, na vifo havikupungua. Mwishowe Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima akina mama. Mnamo Mei 1847 akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa akina mama kama 18 kati ya kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 kati ya 100. Wakati huo hakuna aliyejua vizuri kwamba vijidudu huleta ugonjwa. Ulinganisho peke yake ulitosha kuonyesha njia. Na ujue kwamba madaktari wengi wa wakati ule walimkataa, kwa sababu hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiua.

SWALI LA TATU: NI KITU GANI KINGEONYESHA KWAMBA SI KWELI?

Neno la kweli hukubali kujaribiwa. Mtu akikupa dawa, muulize, "Nisipoona nini, nijue kwamba haikufanya kazi?" Mwenye dawa nzuri atakujibu. Atasema, "Baada ya siku mbili joto lisiposhuka, rudi." Hapo amejifunga. Unaweza kumpima.

Lakini kuna dawa ambazo hazishindwi kamwe kwa maneno. Mtoto akipona, ni dawa. Asipopona, ni wewe uliyechelewa, au uliyevunja mwiko, au hukuamini. Akipona kisha akaugua tena, kuna adui aliyemrudia. Shauri la namna hii limejengewa ukuta pande zote, na hakuna tukio linaloweza kuonyesha kwamba ni la uongo. Usidhani hiyo ni dalili ya nguvu yake. Ina maana kwamba hata likiwa la uongo hutajua kamwe, na mtoto wako ndiye atakayelipa.

SWALI LA NNE: NIKIKOSEA, HASARA NI YA NANI NA NI KIASI GANI?

Kuna wakati hatuna hakika, na uamuzi hauwezi kungoja. Hapo tunauliza, "Nikifuata shauri hili na kumbe si kweli, mtoto atapata nini?"

Bibi akitaka kumfunga mtoto uzi mkononi, na uzi haubani, hasara ni ndogo. Mimi sipigani na uzi, mradi mtoto aletwe kliniki. Lakini tazama kung'oa meno ya plastiki. Mtoto anaweza kuvuja damu sana. Chombo kichafu kinaweza kumletea pepopunda, usaha wa taya au virusi vya ukimwi. Chonge ya kudumu, ambayo inajengeka karibu na ile ya utoto, inaweza kuharibika, na mtoto akawa na pengo au jino lililopinda maisha yake yote. Na mdomo ukiwa na kidonda hatanyonya, wakati ambapo anahitaji kunyonya kuliko siku zote.

Ni vivyo hivyo na kitovu cha mtoto mchanga. Kumpaka jivu, mate au kinyesi cha ng'ombe kunaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, na pepopunda ya mtoto mchanga huua. Kukiacha kitovu kikavu na kisafi, au kukipaka dawa uliyopewa kituoni kwa kazi hiyo tu, hakumdhuru. Katika mizani hii, upande mmoja una hatari kubwa na faida isiyoonekana, na upande wa pili hauna hatari. Huhitaji kuwa daktari ili kujua uende upande upi.

SASA TUPIME MAJI YA ORS

Haingekuwa haki kupima maneno ya jirani na kuyaacha ya muuguzi. Nami nilisema, mpe mtoto maji ya ORS. Niulizeni, "Umejuaje?"

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika kambi zao kipindupindu kikazuka. Wakati huo tiba iliyoaminika ilikuwa maji ya kutundikwa mshipani. Mahali paitwapo Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na maji ya mshipani yakikaribia kuisha. Akachanganya chumvi, sukari ya glukosi na maji safi, akawagawia jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 kati ya 100. Kwa waliotibiwa hivyo, waliokufa walikuwa chini ya 4 kati ya 100. Mwalinganishaji anaona mwenyewe. Baadaye jambo hili lilijaribiwa katika nchi nyingi, na majibu yakawa yale yale.

Tena sababu yake inajulikana. Utumbo wa mtoto anayehara huvuja, lakini bado una milango inayopokea sukari na chumvi zikiingia pamoja, na zikiingia huvuta maji nyuma yake. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda au juisi yenye sukari nyingi inaweza kuzidisha kuhara. Vipimo lazima viwe sawa, kwa hiyo tumia pakiti, na uitie katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu ya pakiti hiyo hiyo.

Sasa mama mkwe alisema maji yanaongeza kuhara. Hakusema bure. Ameona mtoto akinywa, na baada ya dakika chache akahara. Alichokiona ni kweli, lakini maana aliyoitoa ndiyo iliyo na kasoro. Kibuyu kilichotoboka ukikitia maji yatavuja, na usipokitia hakitavuja, kwa sababu kimekauka. Mtoto asiyehara tena kwa kuwa hana maji mwilini hajapona. Yuko karibu kufa.

Kuna akina mama wanaojaribu ORS siku moja, wakiona kuhara hakujakoma wanasema, "Hii dawa haifanyi kazi," na kuiacha. Hapo kipimo ndicho kilichokosewa. Kazi ya ORS ni kurudisha maji yanayopotea, wala si kufunga tumbo. Ipime kwa kazi yake. Je, mtoto anakojoa? Akilia, machozi yanatoka? Macho hayajaingia ndani? Anacheka akichezewa? Ukiona hayo, dawa inafanya kazi hata kama nepi bado inalowa. Zinki ndiyo inayosaidia kuhara kupungua na kwisha mapema, na hupewa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kuhara kukikoma kabla ya hapo.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani kama robo hadi nusu ya kikombe. Mwenye miaka miwili na zaidi mpe mara mbili ya hiyo. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

NA HOSPITALI NAYO IULIZWE

Msidhani kwamba kila kilichosemwa na mwenye koti jeupe kimepita mtihani. Kwa miaka mingi, vitabu vya malezi vya Ulaya na Marekani viliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Ilionekana ni busara, kwamba mtoto akicheua hatapaliwa. Lakini watafiti walipolinganisha, walikuta kwamba waliolazwa kifudifudi walikufa ghafla usingizini mara nyingi zaidi kuliko waliolazwa chali. Ushauri ukabadilishwa. Uingereza ilianza kampeni mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Mlaze mtoto wako chali.

Wengine husema, "Madaktari hubadilisha maneno kila siku, tuwaamini vipi?" Mimi nasema, mtu anayekubali kubadilisha neno lake akionyeshwa ushahidi ndiye wa kuaminiwa. Wa kuogopwa ni yule ambaye hakuna ushahidi unaoweza kumgeuza.

Basi ukija kituoni una haki ya kuuliza. Dawa hii ni ya nini? Nimpe kiasi gani, mpaka lini? Nitajuaje kwamba inamsaidia? Nikiona dalili gani nirudi mara moja? Ukipewa antibiotiki kwa mafua au kwa kuhara maji tu, uliza kwa nini, kwa maana mara nyingi hazihitajiki. Kuhara damu ni jambo jingine, huko hutibiwa. Muuguzi mzuri hakasiriki akiulizwa.

MILA NJEMA NAZO ZIPO

Tunaambiwa mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, wala leo sikuja kuwaambia mtupe mila. Nyanya zetu walitufundisha kunyonyesha kwa muda mrefu, kumpumzisha mzazi na kumpikia uji, na kumweka mtoto karibu na mwili. Zikipimwa, mila hizi zinashinda.

Tazama kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Kolombia, hospitali ilikuwa na upungufu wa mashine za kuwatia joto watoto njiti, madaktari wakawafunga watoto vifuani mwa mama zao. Wengi walidhani ni tiba ya maskini. Kisha ikapimwa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, watoto wadogo sana walizaliwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Nusu yao walifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wengine walingoja hali itulie kwanza. Kati ya walioanza mara moja walikufa 12 kwa kila 100, na kati ya waliongoja walikufa karibu 16. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kifua cha mama kimepita mtihani ule ule ambao spoku ya baiskeli imeanguka.

NITAMWAMBIAJE MAMA MKWE?

Najua wengi mnajiuliza hivyo. Kujua ni jambo moja, na kusema mbele ya mwenye nyumba ni jingine. Usianze kwa kusema, "Hiyo ni imani potofu." Ukisema hivyo umemvunjia heshima, na hatasikia lolote tena. Anza na mnachokubaliana. Sema, "Mama, najua unampenda huyu mtoto, na umelea wengi. Naomba tuangalie pamoja." Kisha mfunue mdomo mtoto wa jirani aliye mzima, naye aone kwa macho yake. Mtu hubishana na maneno yako, lakini hubishana kwa shida na alichokiona mwenyewe.

Mpe kazi yenye heshima. "Mama, naomba wewe uwe unamnywesha ORS kwa kijiko, mimi nimwoshe. Tuhesabu amekojoa mara ngapi hadi jioni." Nyanya akihesabu mwenyewe, kesho yeye ndiye atakayemfundisha jirani. Mzee wa nyumba akikataa kabisa, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu aje azungumze naye. Lakini ukiona dalili za hatari nitakazotaja sasa, usingoje maafikiano. Mbebe mtoto uende.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona lolote kati ya haya: amelegea au ni vigumu kumwamsha, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani au utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hajakojoa kwa muda mrefu, ana degedege, choo kina damu. Njiani endelea kumpa ORS ikiwa anaweza kumeza.

Na kabla ya kuhara kuja, nawa mikono kwa sabuni, tumia choo, chemsha au tibu maji ya kunywa, na hakikisha mtoto amepata chanjo zake. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuhara kwa watoto wadogo, ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Julai 2014. Angalia kijitabu chake cha kliniki uone kama ameipata.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uliza: Umejuaje?
2. Uliza: Na wasiofanyiwa hivyo, ilikuwaje?
3. Uliza: Ni kitu gani kingeonyesha kwamba si kweli?
4. Uliza: Nikikosea, mtoto atapata hasara gani?
5. Kuhara hutibiwa kwa ORS, zinki, kunyonya na chakula. Meno ya plastiki hayapo. Ni chonge za mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Ni shauri gani ulilopewa ulipojifungua ambalo unaweza kulipima kwa maswali haya? Ni mila gani ya kwenu ambayo unaona itashinda? Na ukiipima, utaangalia nini ili ujue?

Msikilizaji, ukikutana na muuguzi wiki hii, mjaribu kwa swali la kwanza.